Pakingi ya Shafti Ikidondosha, Usikimbilie Spana

Fundi wa jahazi akitia kalafati, utamsikia kabla hujamwona. Nyundo na patasi hugongea pamba iliyolowa mafuta ya sifa kati ya ubao na ubao mpaka mlio ubadilike, uwe mkavu, na hapo ndipo anapojua kwamba mshono umeshiba. Pamba ikibaki laini maji yatapita. Hiyo ndiyo elimu tuliyoikuta pwani, na kwa mbao ni elimu ya kweli.

Taabu huanza siku chombo kilekile cha tanga kinapotiwa injini ya dizeli ndani. Nyuma kabisa, chini ya maji, hutobolewa tundu la kupitisha shafti ya propela. Tundu hilo nalo huzibwa kwa nyuzi zilizotiwa mafuta, na kwa macho na harufu nyuzi hizo zinafanana sana na kalafati. Basi aliyezoea mbao huzishindilia na kuzikaza vilevile. Anachosahau ni kimoja: ubao umetulia, shafti inazunguka. Pakingi iliyokazwa kama kalafati huungua, na ikiungua huila shafti.

Somo hili nililipia. Tulitoka Tanga kuelekea Pemba, upepo ukatukatikia katikati ya mkondo, tukawasha injini. Jana yake kijana wa chomboni alikuwa ameona matone kwenye pakingi, akachukua spana, akakaza mpaka pakakauka kabisa. Nami nilimsifu. Baada ya saa moja tukasikia harufu ya mafuta yanayoungua, na boksi ya pakingi ilikuwa haishikiki kwa moto. Tulipokuja kuifungua, nyuzi zilikuwa nyeusi na ngumu kama mkaa, na shafti ilikuwa imechimbwa mfereji unaonasa ukucha. Kipande cha pakingi cha bei ndogo kilitugharimu shafti nzima.

Tangu siku hiyo kila ninayemkabidhi chombo humwambia neno lilelile: pakingi imewekwa ili ichakae badala ya shafti, na maji kidogo yanayopita ndiyo maisha yake. Kazi yako ni kuyapimia maji hayo njia, si kuyafungia.

Kitu chenyewe kilivyo

Shuka nyuma ya injini, fuata shafti kutoka kwenye giaboksi kuelekea tezi. Kabla haijatoka nje utaona imepita katikati ya kitu cha shaba au bronzi mfano wa kikombe. Hiyo ndiyo boksi ya pakingi. Ndani yake kuna nafasi inayoizunguka shafti, na nafasi hiyo hujazwa pete tatu au nne za uzi wa kusuka wenye pembe nne. Mbele ya pete kuna kibanio kinachozisukuma. Zikisukumwa kwa nyuma hutanuka kwa pembeni, zikaikumbatia shafti.

Boksi ziko za aina mbili. Ya kwanza ina nati moja kubwa ya kubana, na nyuma yake nati nyembamba ya kuifungia isilegee, ambayo mafundi huiita loknati. Ya pili ina kibanio chenye masikio mawili kinachovutwa na bolti mbili. Katika boti nyingi za tanga za kisasa boksi haikushikamana na mwili wa chombo; imeunganishwa na bomba la shafti kwa kipande cha mpira mnene, na mpira huo umefungwa kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Ukague mpira huo kwa uangalifu uleule unaoikagua pakingi. Pakingi ikichoka utapata matone. Mpira ukipasuka, bahari imeingia.

Maji yanayopenya hufanya kazi tatu: hupoza, hulainisha, na hukiletea chuma oksijeni. Hii ya tatu wengi hawaijui. Shafti nyingi ni za stenlesi, na stenlesi hujilinda na kutu kwa ngozi nyembamba sana inayohitaji oksijeni. Chombo kikikaa miezi bila kuzungusha shafti, maji yaliyonaswa chini ya pakingi huishiwa oksijeni, ngozi hiyo hushindwa kujirudisha, na chuma huanza kuliwa vitundu vidogovidogo. Ndiyo maana shafti inayong'aa kote huweza kuoza mahali pale pale palipofunikwa.

Kuchagua uzi

Dukani utaoneshwa aina kadhaa. Usichague kwa rangi wala kwa neno la muuzaji peke yake.

*Kitani kilichotiwa nta au mafuta ya mnyama.* Hii ndiyo pakingi ya asili ya vyombo. Ni rahisi, ni laini, na humvumilia mwenye shafti iliyochakaa kidogo. Hitaji lake ni matone: isipopata maji hukauka na kuwa ngumu. Kwa jahazi au mashua ambayo shafti yake si laini tena, mimi bado naishauri hii.

*Nyuzi za kisasa zilizoshibishwa tefloni.* Hizi huteleza zaidi, hudumu zaidi, na zinaweza kudondosha kidogo sana. Ila zina masharti. Zinataka shafti iliyo laini na iliyonyooka. Tena tefloni hutanuka sana ikipata joto na haipitishi joto hilo upesi, kwa hiyo ukiibana mapema hujibana yenyewe zaidi. Ukiwa na subira ya kuizoeza taratibu, ni uchaguzi mzuri kwa boti yenye shafti nzima.

*Pakingi nyeusi ya grafiti.* Hii imejaa madukani kwa sababu pampu nyingi za viwandani huitumia. Katika maji ya chumvi usiitie kwenye shafti. Grafiti, stenlesi na bronzi zikikutana ndani ya maji ya bahari hufanya kama betri, na kinacholiwa ni chuma chako, si grafiti. Walioko maziwa ya maji baridi, kama Victoria na Tanganyika, hatari yao ni ndogo kwa kuwa maji yale hayapitishi umeme kama ya bahari. Hata hivyo kitani au tefloni ingali bora.

*Uzi wa manjano wa aramidi.* Una nguvu kubwa lakini ni mkali. Umetengenezewa mashine zenye shafti ngumu. Kwenye shafti ya bronzi ni sawa na kuipiga msasa.

*Kamba ya mkonge na matambara.* Najua hutumika. Katani ni uzi wa kufungia mizigo. Ni ngumu, haina mafuta, na haikusukwa kwa umbo la kujaa kwenye boksi. Iache ifanye kazi yake.

Ziko pia boksi zisizotumia pakingi kabisa, zenye ringi za kaboni au mpira unaogusana na shafti, ambazo hazidondoshi. Ni nzuri, lakini zina vipande vya mpira vinavyopaswa kubadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na zikiharibika mbali na bandari huna cha kuzitengenezea. Pakingi unaweza kuibeba mfukoni.

Kipimo, kabla ya pesa

Makosa mengi huanzia hapa. Watu hununua uzi kwa kukisia, kisha huuponda kwa nyundo ili uingie. Hesabu ni ndogo: pima upana wa ndani ya boksi, toa unene wa shafti, gawanya kwa mbili. Boksi ya milimita 46 na shafti ya milimita 30 inabakisha 16. Nusu yake ni 8. Nunua uzi wa milimita 8. Kwa vyombo vya vipimo vya inchi, shafti ya inchi 1 ndani ya boksi ya inchi 1½ inataka uzi wa robo inchi.

Usipime uzi wa zamani ukautegemea, maana umekwisha bapa. Ukikuta uzi mpya umezidi kidogo sana, uviringishie chupa au kipande cha bomba juu ya ubao mpaka uingie. Usiugonge. Nyundo huvunja msuko, na msuko uliovunjika hauna uhai mrefu.

Urefu nao una hesabu yake. Jumlisha unene wa shafti na unene wa uzi, zidisha kwa 3.14. Kwa mfano wetu, 38 mara 3.14 ni kama milimita 119, yaani sentimita 12 kwa pete. Pete nne ni chini ya nusu mita. Nunua mita nzima. Inayobaki ikae chomboni, ndani ya mfuko usioingia vumbi wala mchanga.

Mahali pa kufanyia kazi

Kubadilisha pakingi chombo kikiwa kinaelea kunawezekana, lakini maji yatakuwa yanaingia muda wote unaofanya kazi. Sisi wa pwani hii tumejaliwa njia salama isiyohitaji winchi wala chelezo: maji yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mpya, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Kutoka Mombasa hadi Unguja, bamvua hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hukauka karibu na saa nne asubuhi, hujaa tena karibu na saa kumi jioni. Umepewa mwanga wa asubuhi wote.

Chagua mchanga mgumu usio na mawe. Ingiza chombo maji yakiwa yamejaa, kipweleze, weka magadi pande zote mbili kabla hakijalala. Tezi itakauka saa mbili hivi kabla ya maji kufika mwisho, na utakuwa na muda uleule kabla hayajarudi. Katika hali ya kawaida ni saa nne za kazi. Angalia jedwali la maji la bandari ya karibu nawe, na usianze siku ambayo bamvua inapungua, usije ukanasa ufukweni mpaka bamvua ijayo. Pweleza siku moja au mbili kabla ya kilele chake, ili maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo.

Kutoa na kutia

Andaa spana mbili zinazoshika nati sawasawa, wembe au kisu kikali, tochi, grisi isiyoondolewa na maji, na ndoana ya kutolea pete. Ndoana unaweza kuitengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa ncha, au kwa skrubu nyembamba iliyochomelewa kwenye waya unaopinda. Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, kisha fuata mpango huu:

1. Legeza loknati kwanza, halafu nati ya kubana. Zikiwa zimeganda, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa jana yake. Shika boksi kwa spana moja na nati kwa nyingine. Ukitumia spana moja utausokota mpira wa nyuma na pengine kuuchana.

2. Rudisha nati nyuma, toa pete moja moja ukizihesabu. Hapa ndipo wengi hukosea kwa uvivu: hutoa mbili za mbele, huacha mbili za ndani zilizokwisha kuwa mawe, kisha hutia mpya juu yake. Zitoe zote. Mulika kwa tochi mpaka uone mwisho wa boksi. Usiikwaruze shafti kwa ndoana.

3. Pakingi ya zamani sana, ya miongo iliyopita, huenda ina asbestosi. Ilowanishe, usiikwangue kavu wala kuipuliza, ifunge kwenye mfuko.

4. Safisha shafti, pitisha ukucha juu yake. Mikwaruzo midogo ondoa kwa msasa laini sana, ukizungushia kitambaa kuizunguka shafti. Mfereji unaonasa ukucha hauponi kwa msasa, na hakuna pakingi itakayodumu juu yake. Hapo shafti inahitaji fundi wa kerezo au mbadala.

5. Kata pete zote kabla hujatia hata moja. Zungushia uzi kwenye shafti, au kwenye kipande cha bomba chenye unene uleule, kata mshazari kwa pembe ya digrii 45, ili ncha zikikutana zilaliane. Pete isibaki na pengo, wala isipandane.

6. Paka grisi kidogo kwenye pete ya kitani. Tia pete ya kwanza, isukume mpaka mwisho kwa kijiti laini kilichochongwa. Tia ya pili, kisha ya tatu. Maungio yasifuatane: fikiria uso wa saa ya ukutani, ungio la kwanza liwe kwenye 12, la pili kwenye 4, la tatu kwenye 8. Yakifuatana, maji yamepata barabara.

7. Usizungushe uzi mmoja mrefu kama springi ya kitanda. Unaingia haraka, lakini unayaachia maji njia ya kuzunguka kutoka mwanzo hadi mwisho, na hubana upande mmoja zaidi ya mwingine.

8. Rudisha nati, kaza kwa mkono tu, bila spana. Iache hivyo.

Kabla maji hayajarudi, shika propela uitikise juu na chini. Bushi ya mpira inayoishikilia shafti upande wa nje ikiwa imekwisha, shafti itacheza, na shafti inayocheza hutwanga pakingi kama mchi. Kwa shafti ya inchi 1, mchezo unaozidi milimita moja na nusu ni dalili ya kubadilisha bushi. Papasa pia mpira wa boksi: ukiona nyufa, uvimbe au vibano vyenye kutu, badilisha vyote leo. Uwe mpira wa shafti hasa, ulioshonewa nguo ndani yake, na vibano viwe viwili kila upande.

Kuizoeza

Chombo kikielea, shuka mara moja utazame boksi. Maji yatakuja kwa kasi kidogo, usiogope. Nyuzi zinajaa maji na kutafuta nafasi zao. Kiache chombo kwa saa kadhaa, au usiku mzima kama kuna mtu wa kukilinda.

Kisha funga chombo imara kwa kamba, washa injini, tia gia, acha shafti izunguke polepole kwa robo saa. Usiingize mkono shafti ikizunguka, na asishuke mtu mwenye kikoi, kanzu au kamba shingoni. Zima, kisha gusa boksi. Ikiwa baridi na matone ni mengi, kaza kidogo sana: sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko, yaani kama mwendo wa mkono wa saa kutoka namba moja hadi inayofuata. Endesha tena robo saa, gusa tena. Endelea hivyo mpaka upate matone mawili au matatu kwa dakika shafti ikizunguka, na boksi unayoweza kuishika bila kuvuta mkono. Baridi ni nzuri, vuguvugu inavumilika, moto ni kosa: legeza. Ya tefloni unaweza kuifikisha kwenye tone moja au chini yake, lakini chukua siku mbili au tatu za safari fupi kufika hapo.

Ukiridhika, kaza loknati huku umeshikilia nati ya kubana isifuate. Loknati iliyosahauliwa ndiyo inayoifanya nati ijifungue yenyewe baharini kwa mtetemo.

Tone ni kiasi gani?

Mwenye chombo huogopa tone kwa kuwa hajalipima. Matone ishirini ni kama mililita moja. Matone matatu kwa dakika ni mililita 9 kwa saa, yaani kama glasi moja ya maji kwa siku nzima. Hakuna chombo kilichozama kwa glasi moja. Lakini tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa wiki ni lita 30. Hapo pampu ya ngama itakuwa inaamshwa mara kwa mara, betri isiyochajiwa itapungua, na chombo kisicho na mlinzi kitazidi kuingia maji siku baada ya siku. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni saa ya mkononi na dakika moja ya kuhesabu.

Uangalizi wa kila siku

Boti ya tanga ina tabia yake. Injini hulala wiki nzima, kisha huombwa ghafla. Kwa hiyo angalau mara moja kwa wiki washa, tia gia, zungusha shafti dakika kumi ili pakingi inywe maji mapya. Ukiwa unakwenda kwa upepo, tazama kama propela inazungushwa na maji: shafti inazunguka na pakingi inafanya kazi ingawa injini ni kimya. Kitabu cha giaboksi yako kinasema kama unaruhusiwa kuiacha izunguke au uifunge kwa gia, kifuate hicho.

Andika kila ulipokaza, tarehe na kiasi. Pakingi inayotaka kukazwa kila safari, au nati iliyofika mwisho wa uzi wake, imemaliza kazi. Badilisha pete zote. Usiongeze moja juu ya kuukuu. Chombo kinachotumia injini sana kinaweza kuhitaji hivyo kila mwaka. Kingine kitafika miaka miwili au mitatu. Ikiwa pakingi mpya inakufa ndani ya wiki chache, usiilaumu: tafuta bushi iliyokwisha, shafti iliyopinda, propela iliyogonga mwamba, au injini isiyolingana na shafti. Mlingano hupimwa chombo kikielea, si kikiwa juu ya magadi, kwa sababu mwili wa chombo hubadilika umbo ukitoka majini.

La mwisho katika uangalizi ni la watu. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nati ya pakingi nayo iwe na nahodha mmoja. Kila mtu akishuka na spana kwa sababu ameona tone, ndani ya mwezi mmoja itakuwa imekazwa mara kumi, na hakuna aliyekosea peke yake.

Ikitokea baharini

Boksi ikiwa moto: punguza mwendo, toa gia, pandisha tanga ikiwa upo upepo. Usiimwagie maji mengi ghafla. Ipoze kwa kitambaa kilicholowa, kisha legeza nati mpaka matone yarudi.

Maji yakiwa mengi ghafla: zima injini kwanza, funga shafti isizunguke, kaza nati kwa mkono. Yakizidi, viringisha kitambaa kilichopakwa grisi kuizunguka shafti mbele ya nati, kisindike, kifunge kwa uzi. Ukikuta mpira wa boksi ndio uliopasuka, ufunge kwa kuvuta sana ukanda wa tyubu ya gari, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia pazima hadi pazima. Ukanda huo ukae chomboni siku zote, karibu na spana mbili za kipimo cha nati. Kisha nenda nyumbani kwa tanga. Chombo chako kilijua bahari kabla ya injini.

Kalafati hutiwa na nguvu ya nyundo, pakingi hutiwa na subira ya vidole. Ukizitofautisha hizo mbili umekwisha kuokoa shafti yako. Kesho ukishuka chomboni, acha spana juu. Chukua saa na tochi, kaa mbele ya boksi dakika moja, hesabu matone, uandike idadi yake.